Uzoefu wangu: albamu za Pixies kuanzia 1987, nimezisikiliza kwa mpangilio nikiwa Kigoma

Mimi ni mtu wa Ujiji, nimekulia kwenye magita ya Kongo, redio ya mzee ilikua inadaka stesheni za ng'ambo ya ziwa na pale nyumbani wimbo usipofika kwenye sebene tulikua tunaona bado haujaanza. Kwahiyo ukiniambia bendi ya gita mi naisikiliza kwa sikio hilo. Pixies, bendi ya rock ya Marekani, nimewajua kupitia bendi nyingine ya huko, Nirvana, mwimbaji wao Kurt Cobain mwenyewe alikiri mwaka 1994 kwamba alikua anajaribu kuwaiga hawa jamaa wa Boston, nikasema ngoja nimfate mwalimu.

Mara ya kwanza nilienda kuingiziwa kwenye flashi hapo mjini, hela nimelipa afu nyimbo zimechanganywa hovyo, za 1988 ziko katikati ya za 2014 na zingine zimekatika. Msifanye hivyo. Nikanunua bando la usiku nikashusha albamu moja moja toka ya kwanza, ndo nikaelewa.

Anza na Come On Pilgrim ya 1987, nyimbo 8 tu, dakika kama 20 imeisha. Afu Surfer Rosa ya 1988, hii alirekodi Steve Albini na ngoma za David Lovering unazisikia kama anapigia hapo hapo sebuleni kwako. Kim Deal alijibu tangazo la kutafuta mpiga besi wakati hajawahi kupiga besi, akaazima la dada yake, na bado besi lake ndo linabeba nyimbo, unaweza ukalifata lenyewe tu mwanzo mpaka mwisho na usichoke.

Sasa Joey Santiago, solo. Huyu ndo amenifanya niandike. Sisi huku tumezoea mpiga solo anamwaga noti kama mvua ya masika, Joey anapiga mbili tatu, anauvuta waya mpaka unalia, anaacha. Na wimbo wenyewe unaanza kimya, besi na ngoma tu, Black Francis, mwimbaji wao, anaimba kama anaongea na mtu wa pembeni, mara gita zote zinaingia na yeye anapiga kelele mpaka unashtuka, yani ni kama unasubiri sebene ila sebene lao linakuja sekunde chache linakata, unabaki unalitamani, linarudi, kabla hujakaa sawa wimbo umeisha. Sehemu zingine anaimba Kispaniola, aliwahi kukaa Puerto Rico akiwa mwanafunzi.

Doolittle ya 1989 ndo bora kuliko zote kwangu, nyimbo 15 na haifiki dakika 40. Niliisikiliza usiku Kibirizi nikiangalia taa za wavuvi wa dagaa huko ziwani, nikairudia mara tatu, simu ikazima chaji.

Bossanova (1990) na Trompe le Monde (1991) ni nzuri ila sauti ya Kim, maana naye anaimba, imepungua sana na unaisikia bendi inakua ya mtu mmoja, Francis. 1993 ikavunjika, Kim na David walipata taarifa kwa faksi!! Watu mliofanya kazi pamoja miaka 7, faksi, kiukweli iliniuma. Walirudi jukwaani 2004, Kim akaondoka 2013, na kuanzia Indie Cindy ya 2014 albamu zimeendelea kutoka bila yeye. Gita bado lipo, ila ule mvutano kati ya sauti yake na ya Francis haupo, mi hizo nimesikiliza mara moja moja tu. Kama bando lako dogo ishia 1991.

Sikiliza kwa spika yenye besi, ya simu inaua kila kitu. Juzi nimeweka Doolittle sebuleni, mzee kakaa kimya muda mrefu, akauliza huyu wa solo ni wa wapi, nikamwambia kazaliwa Manila kule Ufilipino. Akasema rudisha hapo mwanzo.