Landrova 109 au Hilux ya zamani: ipi uifufue nyumbani?

Ukizunguka Dodoma, Kondoa hadi Mpwapwa, pikapu mbili utazikuta zimeegeshwa chini ya mwarobaini zikisubiri mtu: Landrova 109 Series III, iliyotengenezwa 1971 hadi 1985, na Hilux ya dizeli ya miaka ya 1980. Kwa anayejifunzia nyumbani, mimi nachagua Landrova, na sababu kubwa ni bodi.

Mabati yake mengi ni ya aluminiamu, tena yamefungwa kwa bolti. Ukiwa na spana za inchi (za milimita zitakula vichwa vya bolti) unafungua mabawa (mabati ya juu ya magurudumu) na milango peke yako. Ila usidanganyike: chasisi na ukuta kati ya injini na kabini ni chuma. Lala chini, gonga chasisi kwa nyundo ndogo. Ikilia kwa mlio mkali kama kengele, salama. Ikitoa mlio mzito na unga mwekundu, kutu imeshakula ndani. Ukavu wa Dodoma husaidia, lakini gari lililotoka pwani huja na kutu yake.

Hilux bodi yote ni chuma, hivyo fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza, na spea zake hupatikana kirahisi zaidi. Injini iitwayo 2L (ni jina tu, si lita mbili), ya sentimita za ujazo 2,446, ni imara, ila ikichemsha silindahedi (kifuniko cha juu cha injini) hupasuka; kagua rejeta kwanza. Kama unahitaji gari la kubebea mizigo mapema, chukua hiyo.

Yoyote utakayochagua, kadi ya gari itangulie pesa.