Pianola ya kukanyaga: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja na ushee

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeingia sebuleni kwetu hapa Leeds. Pianola ni piano inayopigwa kwa kukanyaga pedali, huku roli ya karatasi yenye matundu ikichagua noti. Yangu niliinunua pauni 250 kwa mtu aliyekuwa anahama. Kuisafirisha, pauni 180. Ina uzito unaopita kilo 300 na ilibebwa na wanaume wanne. Matengenezo yamekula zaidi ya mara kumi ya bei ya kununulia. Hata hivyo siiuzi.

Ni piano ya chapa ya Steck ya miaka ya 1920 yenye mtambo wa Pianola ndani yake, na haitumii umeme kabisa. Wengi hudhani inajipiga yenyewe. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoketi. Unakanyaga pedali mbili kwa zamu, na mivukuto iliyo tumboni mwake inafyonza hewa. Roli ya karatasi inapita juu ya upau wa shaba wenye matundu 88, tundu moja kwa kila noti. Tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba, hewa inapenya, vali inafunguka, na kivukuto kidogo cha noti hiyo kinanywea ghafla na kuirusha nyundo kwenye waya. Kanyaga kwa nguvu, piano inanguruma. Legeza mguu, inanong'ona. Mkononi una kishikio cha mwendo, unaharakisha au unachelewesha upendavyo. Nimepiga kinanda cha kwaya miaka mingi, na nasema kwa dhati kwamba kukanyaga vizuri kunahitaji sikio na mazoezi. Mgeni akikanyaga bila kusikiliza, muziki unatoka kama cherehani.

Sasa lawama. Muuzaji aliniambia "inafanya kazi". Kilichofanya kazi ni piano. Mtambo wa roli ulikuwa umekufa. Vimirija vya mpira vilikuwa vimekauka, ukivigusa vinavunjika kama ganda la karanga, na kitambaa cha mivukuto kilivuja kila mahali. Fundi alikaa na mtambo huo wiki tano, akavika upya vivukuto vyote 88. Ukienda kununua, usikubali kusikilizishwa wimbo kwa vidole. Dai roli iwekwe na ichezwe hadi mwisho, na ukanyage mwenyewe. Ukijikuta unakanyaga mbiombio kama mtu anayekimbizwa ili sauti isikatike, hewa inavuja, na hapo ndipo pesa zitakapokwenda.

Roli ndizo zilizonifunga moyo. Mwaka 1908 watengenezaji walikutana Buffalo, jimbo la New York, wakakubaliana kipimo kimoja cha roli za noti 88: upana wa inchi 11 na robo, matundu tisa kwa inchi. Kwa makubaliano hayo, roli iliyotobolewa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza inaingia kwenye piano yangu bila shida, na iliyotobolewa juzi pia inaingia. Nazipata kwa pauni tatu au nne zikiwa zimetumika. Angalia tu usiuziwe za noti 65, za mfumo wa zamani zaidi. Katika sanduku langu la kwanza la roli ishirini, sita zilikuwa hizo. Ncha za kijiti kinachozungushiwa karatasi ni za namna nyingine na matundu yamepangwa kwa nafasi kubwa zaidi.

Roli ninayoithamini kuliko zote ni nakala mpya ya wimbo wa Maple Leaf Rag uliopigwa na mtunzi wake, Scott Joplin, mwaka 1916, yaani matundu yake yalitokana na upigaji wake mwenyewe. Hakuna sahani ya santuri inayojulikana yenye upigaji wake. Alifariki tarehe 1 Aprili 1917, na mikono yake imebaki kwenye roli chache tu. Siku ya kwanza nilipoikanyaga sikuongea kwa muda. Lakini lazima niseme ukweli kwa atakayeinunua: viwandani wahariri waliziba matundu, wakaongeza mengine, wakanyoosha mapigo. Tena roli ya kawaida haibebi nguvu ya kidole, bali noti na muda wake. Ipo roli nyingine ya wimbo huohuo aliyoipiga mwaka uleule ambayo mapigo yake yanayumba vibaya, na wengi wanaamini ni maradhi yaliyokuwa yanammaliza. Ninazo zote mbili. Ile inayoyumba huwa naikanyaga mara chache.

Kama unataka na nguvu ya kidole, tafuta piano za aina ya Welte-Mignon, Ampico au Duo-Art, ambazo roli zake zina matundu ya ziada ya kuamuru ukubwa wa sauti. Bei yake na ukarabati wake ni habari nyingine kabisa. Mimi niliisikia Duo-Art kwenye Musical Museum huko Brentford, London, nikaridhika kusikia bila kumiliki.

Nyumbani anayeitumia zaidi ni binti yangu wa miaka kumi na mitatu. Nilimsimulia kwamba Duke Ellington, mwanamuziki maarufu wa jazz, alipokuwa kijana huko Washington alijifunza wimbo wa Carolina Shout kwa kupunguza mwendo wa roli aliyoipiga mpiga piano James P. Johnson, huku akitazama vibao vya piano vinavyoshuka vyenyewe na kufuata kwa vidole. Akasema, "Baba, basi na mimi." Roli hiyo ya mwaka 1921 bado inanakiliwa, nikamwagizia. Sasa kila jioni akimaliza kazi za shule mimi ndiye mkanyagaji. Yeye anateremsha kishikio hadi 30, yaani futi tatu za karatasi kwa dakika, anaweka vidole kwenye vibao vilivyozama, kisha ananiamuru nirudishe roli nyuma. Mkono wa kushoto ameshaupata. Wa kulia bado unampiga chenga kwenye sehemu ya pili, na jana alinikanyagisha sehemu hiyo mara kumi na moja.