Sand Hollow, Utah: mipira sita nimeiacha korongoni

Kosa la kwanza tulilifanya kabla hata hatujafika. Tulitoka Las Vegas, jimbo la Nevada, saa kumi na nusu alfajiri, mimi na shemeji yangu anayeishi kule, na zamu yetu ya kuanza gofu kwenye uwanja wa Sand Hollow ilikuwa saa 1:40 asubuhi. Mwendo ni kama saa mbili. Nikapiga hesabu: saa kumi na mbili na nusu tumefika, tunakunywa chai, tunapiga mipira michache ya mazoezi, tunanyoosha migongo. Barabara ya I-15 inakatiza kona ya Arizona ndani ya korongo la mto Virgin, kuta za mawe huku na huku, jua ndiyo linachomoza, nasi tunasimama kupiga picha kama tuna siku nzima. Tulipoingia Utah simu yangu ikaruka saa nzima mbele.

"Shem, simu yako imeharibika?"

Haikuharibika. Utah iko mbele ya Nevada kwa saa moja, na shemeji, miaka yote aliyokaa kule, hakulifikiria hilo. Tulifika zimebaki dakika kumi. Chai hakuna, mazoezi hakuna, viatu nimefungia kwenye kigari. Ukitokea Vegas, weka saa yako ya Utah tangu usiku.

Nitangulize pia kwamba mimi si mchezaji wa maana. Handikapu yangu ni 22, yaani kwa mzunguko mzima napiga kama mara 22 zaidi ya mchezaji hodari; gofu nimejifunza ukubwani, kwenye uwanja wa Lugalo, Dar, nikiwa na kedi, mbeba fimbo, anayejua mpira wangu umeangukia wapi kabla sijainua kichwa. Huku kedi hakuna. Mnapewa kigari, na macho ni yenu.

Uwanja uko Hurricane, kusini-magharibi mwa Utah, ulifunguliwa 2008 na mchoraji wake ni John Fought. Una mashimo 18, pa 72 (idadi ya mapigo anayotarajiwa mchezaji hodari), na ukianzia nyuma kabisa kule kwa mabingwa ni yadi 7,300 na ushee. Sisi tulianzia mbele, na sikuona aibu. Kilichonifurahisha tangu mlangoni ni kwamba hakuna anayekuuliza wewe ni mwanachama wa wapi au umeletwa na nani. Unaweka nafasi, unalipa, unacheza. Kwa kuwa tulikuwa wawili walituunganisha na mzee mmoja na mkewe, wastaafu, wanaocheza polepole lakini mpira hauendi pembeni hata siku moja.

Mashimo tisa ya kwanza yanapita kwenye vilima vya mchanga mwekundu na vichaka vya jangwani. Ni mazuri, sitayadharau, na mabanka yake, yale mabonde ya kutega mipira, yamejaa mchanga mwekundu wa rangi ya matofali ya kuchoma. Mpira mweupe ukizama humo unatoka umevaa shati jekundu. Shimo la nne nilipiga mara tatu kujitoa bankani, na mchanga ukaniingia mpaka mdomoni.

Ila usije ukamaliza nguvu huko. Kinachowaleta watu kipo kuanzia shimo la 11 hadi la 15.

Hapo uwanja unatembea kwenye ukingo wa genge. Upande mmoja una majani ya kijani yaliyonyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule, hatua chache pembeni ni mwamba mwekundu mtupu, halafu hakuna kitu. Chini kabisa mto Virgin unaonekana kama uzi, umefuatwa na miti huku na huku. Nilisimama pale shimo la 12 nikasikia kunguru, nikatafuta juu, simwoni. Alikuwa chini yetu. Nilikuwa natazama mgongo wake, mabawa yanang'aa juani, anazunguka ndani ya korongo. Sikumbuki kama niliwahi kumwona ndege anayeruka nikiwa juu yake.

Basi ukishaona hivyo, jaribu kupiga mpira. Mikono inakuwa migumu, na macho yanavutwa kule kule usikotaka uende. Mipira miwili ya kwanza ilikwenda korongoni moja kwa moja. Ule wa pili tuliuhesabia sekunde ukishuka, na hatukusikia ukitua. Yule mzee, kwa upole, akaniambia nisiuangalie ukingo kabisa, nichague kilele kimoja cha mlima kule mbali na nipige kukielekea. Dawa hiyo ilifanya kazi shimo la 13. La 14 nikaisahau. La 15 ni pa 3 na korongo liko pale pale linakungoja: nilitoa mpira mpya, shemeji akanikataza, "Tumia ule mkuukuu," nikakataa ushauri. Nao ukaenda. Jumla sita.

Tukiwa kwenye grini hiyo, yaani majani mafupi yanayozunguka shimo, kunguru wawili walitua kwenye kigari chetu. Nimekulia Dar, kunguru nawajua, kwa hiyo biskuti nilikuwa nimezifungia ndani ya mfuko wenye zipu. Hawa wa Utah ni wakubwa kama kuku, na zipu wanaifungua. Yule mzee na mkewe walicheka mpaka mama akakaa chini.

Pale ni kama mita 900 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira unakwenda mbele kidogo kuliko ulivyozoea pwani. Fimbo namba 7 ilinivusha grini mara mbili kabla sijashika adabu. Tena hewa ni kavu mno: jasho hulioni, linakauka kabla halijatiririka, ndiyo maana watu wanajisahau kunywa maji. Sisi tulikwenda Mei na saa nne midomo ilikuwa imeshapasuka. Julai joto linapita nyuzi 40, na kama lazima uende wakati huo, chukua zamu ya kwanza kabisa. Mwamba uliopata moto hupendwa pia na nyoka wa njuga, kwa hiyo mpira ukiingia mawe, uache.

Bei inapanda na kushuka kwa msimu. Machi au Oktoba jiandae kwa zaidi ya dola 150, kiangazi inashuka. Mimi ningelipa tena, lakini kwa mwaka mara moja. Ukikaa eneo lile na unataka gofu ya kila wiki, mji wa St. George una uwanja wake, Dixie Red Hills, mashimo tisa tu chini ya miamba myekundu, nafuu zaidi, na hakuna genge la kumeza mipira yako.

Soksi nyeupe usivae. Zangu nimefua mara tatu, bado ni za pinki.