Kato Unitrack kwa mwenye mfuko mdogo: reli nunua mpya, treni nunua ya mtumba

Wengi wanaoanza kukusanya treni za mfano humaliza pesa kwenye injini, halafu wanaokoteza reli. Kwa skeli ya N, moja ya saizi ndogo za treni za mfano, ni afadhali kugeuza. Injini iliyotumika husafishika ikarudi kazini, lakini reli mbovu huangusha hata treni mpya.

Unitrack, reli za Kato, kampuni ya Japani, ina upana wa milimita 9 kati ya reli na reli, na kokoto za plastiki zimeumbwa pamoja na kipande chenyewe. Treni za Kijapani za 1:150 (yaani ndogo mara 150 kuliko treni halisi) na za Ulaya na Marekani za 1:160 zote hupita humo. Namba kwenye pakiti zinajieleza: R315-45 ni tao lenye nusu kipenyo cha milimita 315 na nyuzi 45, kwa hiyo vipande 8 vinafunga duara. Ongeza S248 mbili (vipande vilivyonyooka vya milimita 248) kila upande na utahitaji meza ya sentimita 70 kwa mita 1.2. Huna meza hiyo? R117 za Unitrack Compact, vipande 8 pia, zinaenea kwenye sinia, ila hapo zitapita injini na behewa fupi tu, kama zile za Pocket Line, treni fupi za Kato. Usitandike reli juu ya zulia. Nyuzi zake hujisokota kwenye gia.

Kinachoharibika mapema ni viungo. Kutenganisha vipande, finya kiungo pande zote mbili, kisha vuta moja kwa moja. Ukikunja kwenda juu, chuma cha ndani hulegea na umeme hupungua, na dalili yake ni treni kuchoka kila inapofika mbali na waya wa umeme. Usikikaze kwa koleo. Viungo vyenyewe huuzwa kwa pakiti, badilisha.

Pointi, yaani kipande cha kugawa njia, ndipo tunapoipunguzia Kato alama. Pointi namba 4 ni fupi na inavutia kwa sababu haili nafasi, lakini ncha za ulimi wake hunasa baadhi ya magurudumu na treni huanguka. Wazoefu huzipiga tupa kidogo. Namba 6, yenye tao la nusu kipenyo cha milimita 718, hupitisha treni vizuri zaidi. Kwa bajeti ndogo, anza bila pointi kabisa.

Umeme wa reli ni DC, volti 12. Seti iliyoagizwa Japani huweza kuja na adapta iliyoandikwa INPUT 100V peke yake, nayo ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 inaungua. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka, si baada.

Sasa injini ya mtumba. Mwombe muuzaji video ikienda polepole, mbele na nyuma. Taa ikiwaka huku magurudumu yamesimama, mara nyingi grisi imegandamana, na hilo linatibika: fungua, futa grisi yote kwa isopropili (spiriti ya kusafishia), weka tone moja la mafuta yasiyokula plastiki. Lakini ikichechemea na kutoa mlio wa "tik" kila gurudumu linapozunguka, gia imepasuka. Achana nayo kama gia ya akiba haipatikani. Magurudumu yakiteleza bila kuvuta, kagua pete za mpira kwenye magurudumu, maana hukauka na kukatika. Magurudumu meusi yafute kwa pamba yenye isopropili. Msasa hapana, mikwaruzo yake hukusanya uchafu upya.

Uliza pia aina ya ndoano, yaani kinachounganisha behewa na behewa. Za mtindo wa Rapido hazishikani na zile zenye umbo la ngumi (knuckle), na kubadilisha ndoano za behewa kumi kunaweza kula punguzo lote ulilopata.