Kuzamia Karibiani: kabla hujalipa hoteli, uliza nani ataamua uibuke

Malalamiko yanayonifikia siku hizi yanafanana utadhani yameandikwa na mtu mmoja. Chukua la dada mmoja muuguzi aliyeko Minnesota. Yeye na mumewe walijibana mwaka mzima, wakalipia wiki kwenye hoteli ya ufukweni Karibiani, zile za kulipa mara moja: chakula, vinywaji, chumba na kuzamia, vyote vimo. Vyeti wanavyo, walivipatia Zanzibar walipokwenda kusalimia wazee. Hoteli haikuwadanganya. Boti ilikuwepo, mitungi ilikuwepo, na kila asubuhi walipelekwa. Ila kila wakiteremka, dakika ishirini na kitu tu kiongozi anawaonyesha dole gumba juu. Kule chini alama hiyo si ya kusifia, ni amri: tunapanda. Wakitazama geji zao, mtungi uko nusu. Wiki nzima wakawa wanaibuka na nusu mtungi.

"Tulikosea wapi?" anauliza. Hamkukosea, dada. Mliuziwa kitu ambacho hakuna muuzaji anayekitaja, na miongozo mingi ya likizo inakiruka vilevile. Mimi leo hicho ndicho kigezo nitakachopangia orodha yangu ya hoteli. Mchanga mweupe, bwawa na idadi ya mikahawa sitagusa. Hayo yako kwenye kila tangazo, tena yamepigwa picha na watu wanaojua kazi yao.

Fanya hesabu nami kidogo. Mtungi wa kawaida wa aluminiamu una ujazo wa lita 11 hivi, na hushindiliwa hewa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo). Desturi ni kumaliza mbizi ukiwa umebakiwa na bar 50. Hewa unayoweza kutumia basi ni kama lita 1,650 (lita 11 mara bar 150). Kadiri unavyoshuka, maji yanakugandamiza na kila pumzi inakula hewa zaidi: kwenye mita 18, pumzi moja inatumia karibu mara tatu ya unachotumia juu. Mzamiaji aliyetulia, ambaye juu anatumia lita 15 kwa dakika, kwenye kina hicho ataweza kukaa dakika 39. Mwenye woga, anayevuta hewa kama mvukuto wa mhunzi, lita 25 kwa dakika, anaishiwa dakika ya 23. Sasa watie hao wawili kwenye kundi moja, chini ya kiongozi mmoja, na kanuni kwamba mmoja akiishiwa wote wanapanda. Umelipia 39, umepewa 23. Zidisha kwa mbizi mbili za kila siku, kwa wiki, uone umeacha saa ngapi baharini.

Na si kosa la yule mwenye woga. Sote tumepita hapo. Lakini hoteli ikishaweka uzamiaji ndani ya bei, kila mgeni mwenye cheti cha kuzamia anapanda boti, hata aliyezamia mara ya mwisho kwenye fungate yake na watoto sasa wako sekondari. Angekuwa analipia kila mbizi mfukoni, angefikiri mara mbili. Ndiyo maana tatizo hili liko zaidi kwenye hoteli hizi za kila kitu kuliko kwenye vituo vya wazamiaji watupu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa kadi ya benki, andika barua pepe (si simu, simu haina ushahidi) uulize: hewa ya mmoja ikikaribia kuisha, nani anapanda, yeye na mwenzake au kundi zima? Kiongozi mmoja anachukua watu wangapi? Na je, pale mbele ya hoteli kuna mwamba wa matumbawe ambao mimi na mwenzangu tunaweza kuzamia wenyewe, bila kuandamana na mtu? Hilo la tatu ndilo lenye uzito.

Ya kwanza: CoCo View, Roatán, Honduras. Nasema wazi kwamba hawa nawapendelea, na hawajanipa hata fulana. Hoteli iko upande wa kusini wa kisiwa, na unafikishwa kwa boti ingawa hujaondoka Roatán. Milo mitatu imo, boti imo, asubuhi na mchana. Uzuri wake hasa uko mbele ya mlango. Unavaa mtungi wako kwenye banda la vifaa, unatembea kwenye maji ya kina kifupi juu ya nyasi za bahari, halafu unakuta mnyororo umelazwa sakafuni. Unaufuata taratibu, huna haja ya dira, mpaka mbele yako giza linaanza kuwa na umbo: ni Prince Albert, meli ya mizigo ya urefu wa mita 40 na kitu, iliyozamishwa makusudi. Ukitoka hapo, kushoto kuna ukuta wa matumbawe na kulia kuna mwingine. Mchana, usiku, saa unayotaka, wewe na mwenzako na geji zenu.

Halafu kuna jambo jingine dogo ambalo kwangu limemaliza ubishi wote. Boti ikirudi kutoka mbizi ya mbali, inakushusha kwenye ukuta ulio karibu na nyumbani, nawe unarudi hotelini kwa kuogelea chini ya maji, kwa mwendo wako. Anayetaka kubaki kwenye boti anabaki. Hakuna anayemsubiri mwenzake, hakuna anayenung'unika. Kila nikisoma hoteli kubwa zinavyojisifu kwa mikahawa kumi na kitu, najiuliza kama mmoja wao amewahi kufikiria jambo rahisi kama hilo.

Kasoro zake usizisahau. Ufukwe wa kwenye kadi za posta haupo. Usubi wa Roatán unauma na alama zake zinakaa. Beba mafuta, jipake jioni. Utaratibu wao ni wa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo mwenye ruhusa ya siku nne kazini atabanwa. Na mwenza asiyezamia atasoma kitabu chake mpaka kiishe. Ukitaka kisiwa hichohicho lakini una watoto, Anthony's Key ya upande wa kaskazini nayo ina milo mitatu na boti ndani ya bei, na ina chumba cha tiba ya shinikizo kwa wazamiaji waliopata ugonjwa wa kupanda haraka. Hilo la mwisho halina picha nzuri, lakini linanipa usingizi.

Ya pili: Bonaire. Kwa uhuru wa mzamiaji, kisiwa hiki hakina mpinzani Karibiani. Kingekuwa cha kwanza kama si suala la chakula. Mawe ya rangi ya njano yamepangwa kando ya barabara, kila moja na jina la mahali pa kuingilia. Unaegesha pikapu, unavaa, unaingia, mwamba uko mita chache kutoka ufukweni. Hakuna boti ya kukusubiri wala kiongozi wa kukuinulia dole. Vifurushi vya huko huwa vinaunganisha chumba, gari na mitungi bila hesabu. Buddy Dive wanajulikana kwa hilo. Anayetaka milo na vinywaji viwemo atazame mpango wa kila kitu wa Divi Flamingo.

Uhuru huu haukuja wenyewe. Don Stewart, nahodha Mmarekani aliyetia nanga kisiwani mwaka 1962, ndiye aliyeshikilia kwamba mzamiaji aachwe azamie na mwamba ulindwe kwa wakati mmoja. Kuwinda samaki kwa mshale kulipigwa marufuku mwaka 1971, na hifadhi ya bahari ikaanzishwa mwaka 1979. Glavu haziruhusiwi, ili usipate ujasiri wa kushika matumbawe. Kwanza utasikiliza maelezo ya sheria na kuzamia mbizi ya majaribio, kisha unaachwa.

Tenga dola 75 za kodi ya kuingia kisiwani na dola 40 za ada ya hifadhi. Mara nyingi hazimo kwenye bei uliyoona. Ndani ya gari usiache kitu, na milango usiifunge kwa ufunguo, vioo viwe chini. Wezi wanajua uko majini kwa saa nzima, na kioo kilichovunjwa utakilipa wewe. Ugonjwa unaoua matumbawe ulifika huko mwaka 2023, kwa hiyo suuza vifaa vyako kama unavyoelekezwa. Kwa upande wa vimbunga, Bonaire iko kusini ya njia yao ya kawaida. Septemba ambapo wengine wanatazama habari za hali ya hewa kwa wasiwasi, wewe unatafuta jiwe la njano linalofuata.

Ya tatu: Little Cayman. Kisiwa cha watu mia mbili hivi na ukuta maarufu wa Bloody Bay, ambao mdomo wake uko kwenye kina kifupi kiasi kwamba hata mwenye hewa chache anaona cha maana kabla ya kupanda. Hilo nalo ni dawa ya tatizo letu. Little Cayman Beach Resort wana vifurushi vya chakula na boti pamoja. Bei sasa. Visiwa vya Cayman havijawahi kuwa rafiki wa mfuko, na kindege cha kukufikisha kinapima mizigo kwa kilo, kwa hiyo vifaa vyako vizito vitakutoza njiani kabla hujalowa.

Ya nne: Sandals. Najua wengi mnataka hii, hivyo tuzungumze vizuri. Kampuni ilianza Jamaika mwaka 1981, chini ya Gordon Stewart, na kwa starehe hawana mchezo. Mwenye cheti anapata hadi mbizi mbili kwa siku, vifaa vikiwemo. Kwa bei za kukodi vifaa siku hizi, hilo si dogo. Kozi na mbizi za usiku ni pesa nyingine. Ukichagua Sandals, mimi ningekuelekeza Grenada: kuna bustani ya sanamu chini ya maji pale Molinière, iliyoanzishwa na Jason deCaires Taylor mwaka 2006, na kuna Bianca C, meli ya abiria iliyoshika moto mwaka 1961 na kuzama. Bianca C iko kwenye kina kikubwa, si ya mwenye cheti cha mwanzo.

Mbona basi ni ya nne? Kwa sababu ni boti ya watu wote, na kundi la watu wote ndilo hasa nililolieleza hapo juu. Waandikie tawi unalolitaka na yale maswali yangu kabla ya kulipa, maana boti na miamba inatofautiana kisiwa hadi kisiwa. Halafu wanapokea watu wawili wawili tu. Ukienda na mdogo wako wa kike mtalala pamoja bila neno, lakini mwenye kusafiri peke yake atalipia nafasi ya mtu ambaye hayupo. Familia zinaelekezwa Beaches, hoteli za kampuni hiyohiyo.

Za bei ya chini: Cozumel huko Meksiko na Bayahibe huko Jamhuri ya Dominika. Cozumel mkondo unakubeba na boti inakufuata kutoka juu, hivyo waongozaji wengi humwacha aliyeishiwa apande na mwenzake, wengine wakaendelea. Lala hoteli yoyote ya kila kitu, lakini uzamiaji lipia kando kwenye kituo kidogo. Wenye pasi za Kenya au Tanzania walio na viza halali ya Marekani au ukaazi wa kudumu hawahitaji viza ya Meksiko. Bayahibe inafaa kujifunzia.

Na sasa wauzaji, maana nimewavumilia vya kutosha. Wakala mmoja aliniuzia "mbizi bila kikomo." Kufika, kikomo kilikuwepo: ni zile za ufukweni tu, na ufukwe wenyewe ulikuwa mchanga mtupu mpaka macho yanachoka. Boti ilikuwa na bei yake, mafuta yalikuwa na bei yake, na mtu wa kubeba mitungi alisimama pembeni akitabasamu kwa subira. Wakala nilipompigia akasema nisome masharti. Masharti yalikuwa kwenye ukurasa wa tisa.

Wanahesabu pia siku ambazo hazipo. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, unatakiwa upumzike angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Ndivyo DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, linavyoshauri. Ndege ya saa moja asubuhi maana yake mbizi ya mwisho iishe kabla ya saa saba mchana wa jana yake. Wiki ya "siku saba za kuzamia" ukiitoa siku ya kufika, ya kuondoka na ule mchana, inabaki nne na nusu. Bei haipungui.

Bima wanayokubandikia wakati wa kulipa nayo isome. Nyingi hazigusi uzamiaji, au zinaishia kwenye kina fulani. Kata bima ya wazamiaji. Fomu ya afya ijaze ukiwa nyumbani: ukiweka "ndiyo" kwenye pumu au shinikizo la damu, watataka sahihi ya daktari, na daktari wa kisiwani anajua vizuri kwamba huna pa kwenda.

Ukiona bei imeshuka ghafla kati ya Agosti na Oktoba, huo ni msimu wa vimbunga, unaoanza Juni hadi Novemba na kukolea miezi hiyo. Roatán na Cayman nunua ukiwa na maandishi yanayosema utarudishiwa fedha zako taslimu kimbunga kikija. Wakikuahidi "salio la safari ijayo," ongeza pesa kidogo uende Bonaire.