Rifrekta ya sentimita 110 na madirisha ya Dodoma: uzoefu wangu

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi huku kwetu, Kisasa, Ilazo, hata Nkuhungu, zina sebule yenye dirisha pana la alumini, na sofa kubwa imebanwa chini ya dirisha hilohilo. Mgeni wa heshima anakalishwa hapo. Mimi nikiingia na kamera namkuta ninayetakiwa kumpiga ana jua lote la Dodoma mgongoni, na usoni huoni hata macho yalipo.

Kwa miaka minne nilitegemea flashi. Mwaka jana mwezi wa saba nikaagiza rifrekta, yaani kitambaa kwenye fremu ya waya cha kurudisha mwanga kwa anayepigwa picha, ya duara, ile ya kukunja, ya sentimita 110, yenye nyuso tano: fedha, dhahabu, nyeupe, nyeusi, na kitambaa cha ndani kinachopitisha mwanga. Ilinigharimu shilingi 65,000 na nauli ya kifurushi kwenye basi kutoka Dar. Nimeitumia mwaka mzima sasa, na naweza kuisema vizuri na vibaya.

Nianze na siku iliyonifanya niiamini. Ilikuwa sendofu, nyumba ya zamani kidogo Chang'ombe, saa kumi na nusu jioni. Kabla ya kwenda ukumbini familia ilitaka picha moja ya bibi na mjukuu wake anayeolewa. Bibi mguu unamsumbua, hahamishwi kwenye kiti chake, na kiti kiko mbele ya dirisha linalotazama magharibi. Nikaomba angalau tukizungushe. Akakataa katakata. Nje ya kioo kulikuwa na mzabibu aliopanda marehemu mumewe, na alitaka uonekane nyuma yake.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kweli. Kamera haijui kipi ni uso na kipi ni dirisha. Ukiiacha ijiamulie, inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani wa kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Dirisha likijaza nusu ya picha linakuwa kama chama chenye wabunge wengi: hoja yake inapita. Picha ya kwanza mzabibu ulitoka vizuri, kila jani, na bibi akawa kivuli. Nikaongeza mwanga stopu mbili; kila stopu ni maradufu ya mwanga. Bibi akaonekana, lakini mzabibu ukaungua wote ukawa karatasi nyeupe, na mwanga ukaanza kulamba kingo za kilemba chake. Nikahamia kwenye kupima nukta moja tu: shavu la bibi, halafu majani ya nje. Tofauti ilikuwa stopu nne. Kwa hiyo nje kulikuwa na mwanga mara 16 ya ule wa usoni.

Flashi niliijaribu, sitaki mtu aseme sikujaribu. Kuielekeza juu ilishindikana kwa sababu dari lilikuwa la mbao zilizopigwa vanishi. Mwanga ulirudi wa rangi ya chai ya maziwa. Kuielekeza moja kwa moja, ikajichora kwenye kioo nyuma ya bibi, nukta nyeupe juu ya bega kama taa ya bodaboda. Ningeweza kusogea pembeni nukta itoke kwenye fremu, ila na mzabibu nao ungetoka.

Kijana wangu wa kunisaidia akakumbuka lile duara tulilokuwa tumelibeba bila kulifungua tangu linunuliwe. Jua lilikuwa limeanguka kwenye zulia mbele ya miguu ya bibi. Tukalilaza hapohapo, upande wa fedha juu. Uso ukawaka, lakini kwa chini, kama mtoto anayetisha wenzake na tochi kidevuni. Bibi akafumba macho, akageuka kando.

"Mjukuu wangu, mbona unanimulika kama mwizi?"

Kijana akacheka, mimi nikaomba radhi. Bibi ana mtoto wa jicho, na upande wa fedha unarudisha jua likiwa bado kali. Tukageuza upande mweupe. Kijana akapiga goti kushoto kwangu, kama mita moja kutoka kwa bibi, akalinyanyua hadi usawa wa kifua na kulilaza kidogo nyuma mpaka likakamata ule mwale uliokuwa unapita pembeni ya bega. Nikamwambia asitazame kamera, atazame shavu la bibi, na shavu likiwaka asitikisike. Nikapima tena: stopu mbili. Kutoka mara 16 hadi mara 4, na faili ghafi la kamera, yaani picha kabla kamera haijaichakata, linabeba tofauti hiyo bila kulia. Nilipima kwa ajili ya mzabibu, nikaacha uso uwe na giza kidogo, nyumbani nikaunyanyua kwenye kompyuta. Mikunjo ya bibi iko, kilemba kina maua yake, na majani ya mzabibu yanahesabika.

Kinachonifurahisha zaidi ni rangi. Rifrekta haina mwanga wake. Inarudisha jua lilelile lililo dirishani. Wingu likipita, nje na ndani vinashuka pamoja. Hakuna betri, hakuna kusubiri flashi ijae, hakuna kubanwa na kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde ambayo kamera yangu haiwezi kuivuka ikiwa na flashi ya kawaida. Na aliyekaa anaona mwanga kabla sijabonyeza, kwa hiyo hashtuki. Watoto wa kipaimara wakipigwa flashi mara tatu, ya nne wanafumba macho kabisa.

Sasa ubaya wake, na upo.

Kwanza, inahitaji mikono ya pili. Ukiwa peke yako utaiegemeza kwenye stuli, itateleza, utairudisha, na mama mwenye nyumba atakuwa amechoka kutabasamu. Pili, kuikunja. Siku ya kwanza tulihangaika sote wawili stendi mbele ya watu. Siri yake ni kushika kingo mbili, kuzizungusha kinyume kama unakamua nguo, na kuiacha ijikunje yenyewe. Ukilazimisha, waya utapinda na duara litakuwa yai. Langu limeshaanza kuwa yai. Tatu, zipu ya ngozi ya nje, ile inayovishwa juu ya kitambaa cha ndani, ilikatika mwezi wa pili, fundi cherehani wa Majengo akaweka nyingine kwa elfu tatu.

Upande wa dhahabu sijauelewa ni wa nani. Kwenye ngozi zetu unaleta njano kama ya mgonjwa wa ini, hasa mwanga wa dirisha ukiwa na ubluu wa asubuhi. Nimeutumia mara moja na picha nikazifuta. Mweusi nautumia mara chache, mtu akiwa na mwanga pande zote na nataka shavu moja litulie. Kile kitambaa cha ndani, watu wengi hawakijali, nakibana dirishani kwa vibanio vya nguo jua likiingia kali mno. Hakifuniki dirisha zima, lakini kwa picha ya kifua na kichwa kinatosha, na nyuma ya mtu panakuwa peupe palipotulia. Pazia jepesi la neti hufanya kazi hiyohiyo, na nyumba nyingi linakuwepo tayari. Wengi hulisogeza wakidhani wananisaidia.

Kuna mahali rifrekta haifui dafu. Niliitwa Mtumba kupiga picha za viongozi wa ofisi moja, vioo kila upande, kiongozi ana dakika tatu na anataka mji wa serikali uonekane nyuma. Jengo lilikuwa na kivuli upande ule, hakuna mwale ulioingia ndani. Rifrekta bila mwanga wa kurudisha ni sinia tu. Nilitoa flashi, nikaiweka kwenye stendi kando, juu kidogo ya kichwa, ikitazama kwa mshazari ili isijichore kwenye kioo, tukamaliza. Korido ndefu yenye dirisha moja mwishoni ni hivyohivyo. Na nje usifikirie, labda uwe na mtu mzito: upepo wa mwezi wa nane hapa Dodoma uliibeba na kijana wangu akaifuata mita kadhaa.

Vumbi nalo. Mwanga ukikujia usoni, kila chembe iliyo kwenye kioo cha lenzi inawaka na picha nzima inapauka, unadhani umekosea mipangilio. Siku moja nililaumu rifrekta bure kabisa. Nikafuta lenzi na kitambaa laini, nikavisha kofia yake ya kukinga mwanga wa pembeni, weusi ukarudi. Tangu hapo nafuta kwanza, ndipo nafungua duara.

Walioniuliza kama inafaa kwa simu: inafaa, pengine kuliko kwa kamera, kwa sababu simu nyingi zinateseka zaidi na tofauti kubwa ya mwanga. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka mwanga ujifunge, halafu teremsha kidole kidogo ili dirisha lisiungue, na mwenzako arudishe mwanga usoni. Kama huna 65,000, shuka jeupe lililopigwa pasi linafanya kazi kubwa tu. Niliwahi kutumia shuka kwa mahafali ya chekechea na hakuna mzazi aliyejua. Tatizo ni kupata watu wawili wa kulinyoosha.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zipu na kwa huo upande wa dhahabu. Mwezi ujao naongeza ndogo ya sentimita 80, maana hii kubwa hata ikikunjwa inanisumbua mgongoni nikiwa kwenye bodaboda, na abiria wa bajaji huwa wananiuliza kama nauza masinia.