Brashi au kipulizia: kumpaka rangi Doctor Doom

Sanamu ya plastiki ya Doctor Doom, yule mwovu wa katuni aliyejitokeza mara ya kwanza mwaka 1962, ina sehemu mbili zisizofanana kabisa: deraya ya chuma na joho la kijani. Hapo ndipo unapolazimika kuchagua kati ya brashi na kipulizia cha hewa, yaani kifaa kidogo cha mkononi kinachonyunyiza rangi kwa hewa yenye presha.

Kwenye deraya, kipulizia hakina mpinzani. Rangi ya chuma ina chembechembe zinazong'aa, na brashi huzipanga kwa michirizi inayoonekana hata kwa mbali. Kipulizia huzitandaza sawasawa, hasa ukitanguliza rangi nyeusi ya kung'aa. Rangi ya akriliki izimuliwe hadi iwe nyepesi kama maziwa, presha iwe psi 15 hadi 20, na upake tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine. Lakini kinahitaji kompresa (mashine ya kushindilia hewa), barakoa yenye kichujio, na kuoshwa kila unapobadili rangi.

Kwenye joho nachagua brashi, tena bila kusita. Chovya rangi ya kijani kibichi, ifute kwenye kitambaa mpaka brashi ikaribie kukauka, kisha pitisha juu ya mikunjo. Migongo ya mikunjo inashika mwanga, mabonde yanabaki na giza, na plastiki inageuka kitambaa kizito. Kipulizia hapo hulainisha mno.

Macho nyuma ya kinyago na vichwa vya ribiti (misumari ya kuunganishia deraya) ni kazi ya brashi tu.

Ila mshono wa gundi, pale vipande vya sanamu vilipounganishwa, usiposuguliwa kwa msasa utaonekana kwa vyovyote vile.